Kugundua muunganisho uliokatika unapotuma ujumbe kwa broka

Programu imetuma ujumbe kwa broka, yaani seva inayopokea jumbe na kuzipeleka kwa wapokeaji. Amri ya kutuma imerudi bila kosa, logi imeandika "imetumwa", kazi imeendelea. Upande wa pili hakuna kilichofika. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote, na wa kwanza kujua ni mtu aliyekuwa akisubiri matokeo ya ujumbe ule. Tatizo hili lipo kwenye RabbitMQ, Kafka, ActiveMQ, NATS na broka za MQTT vilevile, na mzizi wake ni uleule: programu iliridhika kwamba imeutoa ujumbe mkononi, haikusubiri broka iseme imeupokea.

Mwongozo huu ni wa anayeandika upande wa mtumaji, na mpangilio wa hatua zake una sababu. Wengi huanza kwa kuwasha keepalive ya TCP (uchunguzi wa mara kwa mara wa mfumo endeshi kuona kama upande wa pili bado upo) kwa kuwa ni mstari mmoja tu wa mipangilio, kisha huamini wamemaliza. Mimi naiweka nyuma, katika hatua ya 5, kwa sababu hata ikifanya kazi yake sawasawa haiwezi kukuambia ni ujumbe upi umefika na upi umebaki njiani. Na hilo ndilo unalotaka kujua.

## Hatua ya 1: Jua kerneli inakujibu nini

Unapoandika data kwenye soketi (mlango wa programu kwenda mtandaoni), kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hunakili baiti zako kwenye bafa yake ya kutuma (hifadhi ya muda) na kukujibu kwamba imefaulu. Jibu hilo lina maana moja: baiti zimo ndani ya mashine yako mwenyewe, zinasubiri zamu ya kutoka. Halisemi lolote kuhusu kebo, ruta, seva wala broka. Maadamu bafa ina nafasi, utaendelea kujibiwa "imefaulu" hata kama upande wa pili umezimika dakika tano zilizopita.

Muunganisho unaweza kukatika kwa namna tatu, na kila namna humfikia mtumaji kwa sura yake.

Ya kwanza ni kukatika kwa taarifa. Broka imezimwa kwa utaratibu, au mchakato wake umekufa na kerneli ya seva imefunga soketi. Seva hutuma pakiti ya FIN, ya kusema imefunga. Programu inayosoma soketi itaona mwisho wa data papo hapo, lakini mtumaji ambaye kazi yake ni kuandika tu hasomi, kwa hiyo haoni. Anaandika ujumbe wa 41, kerneli inaupokea, amri inafaulu. Seva inajibu kwa RST, pakiti ya kuvunja muunganisho, kwa kuwa soketi ile haina tena mwenyewe. Anaandika ujumbe wa 42, na hapo ndipo inapokuja hitilafu ya EPIPE au ECONNRESET, yaani muunganisho umevunjika.

Tazama vizuri kilichotokea. Hitilafu imejitokeza kwenye ujumbe wa 42, ila uliotangulia kupotea ni wa 41. Programu inayokamata hitilafu, ikaunganisha upya, ikatuma tena ule ujumbe ulioleta hitilafu peke yake, itapoteza wa 41 kila mara, na logi zitaonyesha kwamba mambo yalirekebishwa vizuri. Kosa hili linajificha ndani ya msimbo unaoonekana makini, wenye kukamata hitilafu na kujaribu tena, na ndiyo maana linadumu miaka bila kuguswa.

Ya pili ni kukatika kimya. Kebo imechomolewa, seva imekosa umeme, au kifaa cha katikati kimeusahau muunganisho wako. Hakuna FIN wala RST. Faiawoli na vifaa vya NAT (vinavyobadilisha anwani za mtandao njiani) huweka jedwali la miunganisho, na muunganisho uliokaa bila kupitisha kitu huondolewa humo. Network Load Balancer ya AWS, kigawa mzigo cha mtandao, hufanya hivyo baada ya sekunde 350 kwa chaguo-msingi, Load Balancer ya Azure baada ya dakika 4. Ukiwa na mtumaji anayetuma mara moja kila nusu saa, kila ujumbe wake unakwenda kwenye muunganisho ambao huenda haupo tena. Linux haitakata tamaa upesi: kigezo cha `tcp_retries2` ni 15 kwa chaguo-msingi, maana yake kerneli hurudia kutuma kwa muda usiopungua takriban sekunde 924, zaidi ya robo saa, ndipo ikuambie muunganisho umekufa. Na kama hakuna data inayosubiri kukiriwa, soketi inaweza kubaki hivyo siku nzima ikionekana hai.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mtandao ni mzima, seva ni nzima, lakini broka yenyewe imeganda. Kerneli ya seva inaendelea kukiri pakiti zako kwa niaba ya mchakato usiofanya kazi. RabbitMQ hufikia hali inayofanana na hii kwa makusudi: kumbukumbu au nafasi ya diski ikipungua kupita kikomo, huacha kusoma soketi za watumaji mpaka hali itulie. Kwa macho ya TCP kila kitu ni shwari.

## Hatua ya 2: Washa uthibitisho wa broka

Dawa ya namna zote tatu ni moja: usihesabu ujumbe kuwa umetumwa mpaka broka ikiri kwa itifaki yake yenyewe. Kukiri kwa TCP hakuhesabiki hapa, maana hufanywa na kerneli. Broka karibu zote zina njia ya kukiri, lakini mara nyingi imezimwa au inapuuzwa.

Kwenye RabbitMQ njia hiyo huwashwa kwa kila chaneli, yaani njia ndogo ndani ya muunganisho. Baada ya kuiwasha, kila ujumbe unaotuma hupewa namba ya mfululizo kuanzia 1, na broka hurudisha `basic.ack` (imepokea) au `basic.nack` (imekataa) yenye namba hiyo. Ujumbe wa kudumu ulioelekezwa kwenye foleni ya kudumu hukiriwa baada ya kuandikwa kwenye diski. Kwenye foleni za aina ya quorum (zenye nakala kwenye seva kadhaa), baada ya wengi wa wanachama kuupokea. Kuna mtego mmoja: ujumbe usio na foleni ya kwenda nao hukiriwa, kwa kuwa broka imeshamaliza kazi yake, nayo ilikuwa kuutupa. Weka `mandatory` ili urudishiwe kwanza kwa `basic.return`.

Kwa Python na maktaba ya Pika, umbo lake ni hili:

```python
import pika
from pika import exceptions as h

vigezo = pika.ConnectionParameters(
    host="broka.mfano",
    heartbeat=15,
    blocked_connection_timeout=30,
)
muunganisho = pika.BlockingConnection(vigezo)
chaneli = muunganisho.channel()
chaneli.confirm_delivery()

def tuma(kitambulisho, data):
    try:
        chaneli.basic_publish(
            exchange="",
            routing_key="maombi",
            body=data,
            properties=pika.BasicProperties(
                message_id=kitambulisho,
                delivery_mode=2,
            ),
            mandatory=True,
        )
        return "umekiriwa"
    except h.UnroutableError:
        return "hakuna foleni"
    except h.NackError:
        return "umekataliwa"
    except (h.AMQPConnectionError, h.AMQPChannelError):
        return "haijulikani"
```

Jibu la mwisho ni "haijulikani", na nimelichagua kwa makusudi. Muunganisho ukikatika wakati unasubiri uthibitisho, kuna mambo mawili yanayowezekana: ujumbe haukufika, au ulifika na uthibitisho ndio uliopotea ukirudi. Hakuna namna ya kutofautisha haya mawili ukiwa upande wa mtumaji. Ukiandika "umeshindwa" kwenye logi unajidanganya, na anayesoma logi hiyo usiku wa manane atafanya uamuzi mbaya.

Kusubiri uthibitisho wa kila ujumbe kabla ya kutuma unaofuata ni polepole. Ukihitaji kasi, tuma nyingi mfululizo na upokee uthibitisho pembeni. Ndiyo habari ya hatua ya 3.

Kafka ina sura nyingine. `send()` ya mteja wa Java hurudi kabla ujumbe haujatoka kwenye mashine, kwa sababu jumbe hukusanywa kwanza kwa mafungu. Matokeo halisi huja kwenye Future (kitu kinachoshika jibu litakalokuja) au kwenye funksheni unayoipa, na asiyesoma hata kimojawapo hana habari yoyote. Tangu toleo la 3.0, `acks=all` na `enable.idempotence=true` ndizo chaguo-msingi; kwenye matoleo ya nyuma `acks` ilikuwa 1, yaani kiongozi wa kizigeu (seva inayoshika nakala kuu ya sehemu ya data) alikiri peke yake bila kusubiri wenzake. Kagua pia `delivery.timeout.ms`. Chaguo-msingi lake ni 120000, hivyo taarifa ya kushindwa yaweza kukufikia dakika 2 baada ya kuita `send()`. Kama programu yako hujizima ndani ya muda huo bila kuita `flush()` au `close()`, hutaipata kamwe.

Kwa MQTT, kila kitu kinategemea kiwango cha QoS, yaani uhakika wa ufikishaji. QoS 0 haina uthibitisho, na hakuna ujanja wa upande wa mtumaji utakaoupata. QoS 1 hurudisha PUBACK, uthibitisho wa broka. Kwenye maktaba ya Paho, `publish()` hurudisha kitu chenye `wait_for_publish()`. Kwa QoS 1 huo ni uthibitisho wa broka, kwa QoS 0 ni habari tu kwamba ujumbe umetolewa kwenye soketi. Jina ni lilelile, maana ni mbalimbali.

Zilizobaki nazipitia haraka. STOMP (itifaki nyingine ya ujumbe): ongeza kichwa cha `receipt` kwenye SEND na usubiri fremu ya RECEIPT yenye `receipt-id` hiyohiyo. ActiveMQ kwa JMS (kiolesura cha ujumbe cha Java): jumbe za kudumu zilizo nje ya muamala husubiri jibu la broka kwa chaguo-msingi, ila ukiwasha `useAsyncSend` umeuacha ulinzi huo. NATS ya kawaida haikiri ujumbe mmoja mmoja. Tumia JetStream, sehemu ya NATS inayohifadhi jumbe, ambayo hurudisha jibu kwa kila ujumbe uliohifadhiwa.

Jambo moja kuhusu zote: usiweke `if` ya kuuliza kama muunganisho uko wazi kabla ya kutuma, ukadhani umejilinda. `isOpen`, `is_connected` na jamaa zake hurudisha hali ya mwisho ambayo maktaba inaijua. Muunganisho uliokatika kimya utajibu kweli, na hata uliokuwa mzima waweza kukatika kati ya swali na kutuma.

## Hatua ya 3: Weka daftari la jumbe zisizokiriwa

Hapa ndipo kazi nzito ilipo, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Daftari ni jedwali linaloshika kila ujumbe tangu unapotumwa mpaka unapokiriwa. Kila mstari uwe na kitambulisho cha ujumbe ulichokitunga wewe, maudhui yenyewe, wakati ulipotumwa, na namba ya mfululizo iliyotolewa na itifaki. Kitambulisho chako ndicho ufunguo mkuu. Usitumie namba ya mfululizo peke yake, kwa sababu chaneli mpya huanza tena kuhesabu kutoka 1, na uthibitisho wa namba 7 ya chaneli ya leo utafuta kimakosa namba 7 iliyobaki kutoka chaneli iliyokufa.

Utaratibu wa kila ujumbe ni huu. Uandike kwenye daftari kwanza, kisha utume. Ukifanya kinyume, uthibitisho unaweza kufika kabla hujaandika, nawe utauona kama uthibitisho wa ujumbe usioujua. Uthibitisho ukifika, futa mstari. Kwenye RabbitMQ angalia alama ya `multiple`: ikiwa kweli, broka inakiri namba hiyo na zote zilizo chini yake kwa pamoja, kwa hiyo futa zote. Wanaosahau alama hiyo hukuta daftari likivimba polepole hadi kumbukumbu inakwisha, kisha wanailaumu broka.

Mpe kila mstari ukomo wa muda. Thredi ndogo, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu, inayopita kila sekunde moja au mbili na kutazama mstari mkongwe zaidi inatosha. Ukikuta umepita ukomo, tuseme sekunde 20, hesabu muunganisho wote kuwa umekufa: ufunge, fungua mpya, tuma upya kila kilichobaki. Usitume upya ujumbe ule mmoja kwenye muunganisho uleule. Kama broka haijajibu kwa sekunde 20, kuuongezea mzigo muunganisho huohuo hakuleti jibu.

Ubaguzi upo mmoja. RabbitMQ inapozuia watumaji kwa uhaba wa kumbukumbu au diski, huwatumia `connection.blocked`. Mtumaji aliyeipokea hapaswi kufunga na kufungua muunganisho kwa fujo. Asimame, apige kengele kwa wasimamizi, asubiri `connection.unblocked`. Katika msimbo wa juu, `blocked_connection_timeout` ndiyo inayoweka mpaka wa subira hiyo.

Daftari lililo kwenye kumbukumbu ya programu hufa pamoja na programu. Kama ujumbe unabeba kitu kisichoruhusiwa kupotea, liweke kwenye hifadhidata: andika ujumbe kwenye jedwali la kutoka ndani ya muamala uleule unaobadilisha data yako, kisha mchakato wa pembeni usome jedwali hilo, utume, na uweke alama baada ya uthibitisho. Umeme ukikatika popote katikati, mstari bado upo.

Kutokana na daftari hili unapata kipimo bora kuliko vyote vya afya ya muunganisho: umri wa ujumbe mkongwe zaidi usiokiriwa. Kiweke kwenye ufuatiliaji wako. Idadi ya miunganisho iliyo wazi inaweza kuonekana sawa huku hakuna kinachofika, lakini umri huo haudanganyi. Ukianza kupanda bila kushuka, kuna kitu kimekatika, hata kama hakuna hitilafu popote.

## Hatua ya 4: Rekebisha mapigo ya itifaki

Uthibitisho unafanya kazi unapotuma. Kati ya ujumbe na ujumbe, muunganisho ukiwa mtupu, unahitaji mapigo: pakiti ndogo zinazopelekwa huku na huku ili kila upande ujue mwenzake yupo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mapigo yapo ili mshindo huo usikukute siku ya ujumbe muhimu. Yanafanya kazi mbili kwa pamoja, kwani licha ya kugundua kifo huufanya muunganisho uonekane unatumika, hivyo faiawoli haiusahau.

RabbitMQ hupendekeza sekunde 60 kwa chaguo-msingi, na thamani ya mwisho hupatanwa na mteja wakati wa kuunganisha. Mapigo hutumwa kila nusu ya muda huo, na baada ya mawili kukosekana upande wa pili huhesabiwa haupatikani. Sekunde 5 hadi 20 zinafaa sehemu nyingi. Chini ya 5 utaanza kukata miunganisho mizima kwa sababu ya mtandao kusuasua kidogo tu. Mawasiliano yoyote, hata ujumbe wa kawaida, huhesabika kuwa dalili ya uhai. Usiweke 0, maana hiyo huyazima kabisa, na katika msimbo wa hatua ya 2 ungeweza kukaa unasubiri uthibitisho mpaka kerneli ichoke.

MQTT ilitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano kukatika ni jambo la kawaida, na mapigo yamo ndani yake tangu mwanzo. Mteja hutangaza muda wake anapounganisha. Broka isiposikia kitu kwa mara moja na nusu ya muda huo, humkata. Ukiweka sekunde 60, broka itakukata baada ya 90. Upande wako ni juu ya maktaba kutuma PINGREQ (swali) na kuona kama PINGRESP (jibu) inarudi, kwa hiyo hakikisha kitanzi chake cha mtandao kinazunguka.

Kwenye STOMP mapigo hupatanwa kwa kichwa cha `heart-beat` katika CONNECT, kwa milisekunde, na asiyekiweka hana mapigo. Wateja wengi wa NATS hutuma PING kila dakika 2 na kuvumilia mbili zisizojibiwa. Kwa mtumaji anayejali hiyo ni ndefu mno, ipunguze.

Kosa kubwa la hatua hii halitokani na namba bali na thredi. Katika `BlockingConnection` ya Pika, mapigo hayatumwi na thredi ya siri nyuma ya pazia. Hutumwa pale tu programu yako inapoipa maktaba nafasi. Ukifanya hesabu ya dakika tatu katikati ya jumbe mbili, broka itaona umekufa na kukufungia mlango, nawe utagundua ukituma. Weka kazi nzito kwenye thredi nyingine na uiache thredi ya muunganisho ikiita `process_data_events()` mara kwa mara. Ukitaka kutuma kutoka thredi nyingine, pitia `add_callback_threadsafe()`. Kugusa chaneli moja kwa moja kutoka nje huharibu mambo kwa namna ngumu kufuatilia.

Unapochagua muda, anza na namba mbili: muda wa kusahau wa kifaa cha katikati, na kusimama kirefu kabisa kunakowezekana kwa programu yako, kama vile inapokusanya kumbukumbu isiyotumika. Mapigo yawe mafupi kuliko ya kwanza, na marefu kuliko ya pili.

## Hatua ya 5: Punguza subira ya TCP

Sasa keepalive. Linux husubiri sekunde 7200 za ukimya kabla ya kutuma uchunguzi wa kwanza, kisha hutuma 9 kwa kupishana sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Ukiiwasha bila kubadilisha namba hizo, ni kama hukuiwasha.

Hata ukizibadilisha, ina mipaka miwili. Kwanza, wakati kuna data iliyotumwa na haijakiriwa, keepalive haitumiki. Kinachotawala ni ile subira ya kurudia kutuma iliyotajwa kwenye hatua ya 1. Kwa mtumaji aliye katikati ya kazi, basi, keepalive haipo pale anapoihitaji zaidi. Pili, kama kuna proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) kati yako na broka, uchunguzi huishia kwa proksi, na proksi itakujibu ipo, hata kama broka nyuma yake imekufa. Mapigo ya itifaki huvuka mpaka kwa broka yenyewe.

Kinachosaidia hapa ni `TCP_USER_TIMEOUT`, iliyopo kwenye Linux tangu toleo la 2.6.37. Huwekwa kwa soketi moja, kwa milisekunde, na husema data iliyotumwa iruhusiwe kukaa bila kukiriwa kwa muda gani kabla kerneli haijafunga muunganisho. Ukiweka 20000, zile sekunde 924 zinakuwa 20. Pika huikubali kupitia `tcp_options`, pamoja na vigezo vya keepalive. Kama maktaba yako haikupi njia ya kuigusa soketi, usihangaike sana: uthibitisho wenye ukomo na mapigo mafupi vitagundua hali hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Unganisha upya bila kupoteza wala kuharibu

Muunganisho ukifa, funga wa zamani kabisa, hata kama kufunga kwenyewe kunaleta hitilafu. Jaribu upya kwa vipindi vinavyoongezeka: sekunde 1, 2, 4, 8, na mpaka usiozidi sekunde 30 hivi, ukiongeza kiasi cha kubahatisha kila mara. Bila bahatisho hilo, watumaji mia waliokatika pamoja watarudi pamoja, na broka iliyokuwa ikiinuka itaanguka tena.

Ukishaunganika, tuma tena kila kilichomo kwenye daftari kabla ya kitu kipya, kwa mpangilio ulioingia. Kazi hii ni yako. Mteja wa Java wa RabbitMQ hujiunganisha upya mwenyewe, akajaribu kila sekunde 5 kwa chaguo-msingi, lakini jumbe ulizotuma wakati muunganisho haupo hazirudishi. Wengi huona maneno "kujirejesha kwenyewe" kwenye maelezo wakadhani na jumbe zimo.

Kutuma tena jumbe za "haijulikani" kutaleta nakala, na hilo likubali tangu mwanzo. Mpokeaji ashike vitambulisho alivyokwisha kushughulikia na kuuruka ujumbe unaorudia. Ndiyo maana `message_id` hutungwa mara moja, kabla ya kutuma kwa mara ya kwanza. Ukitunga kipya kila unapojaribu, mpokeaji hana cha kulinganisha. Kafka yenye `enable.idempotence` huondoa nakala zinazotokana na majaribio yake ya ndani, ila haiwezi kujua kwamba programu yako iliita `send()` mara mbili kwa jambo moja.

## Hatua ya 7: Kata muunganisho kwa mkono

Usiamini lolote kati ya haya mpaka umeliona likifanya kazi. Kwenye mazingira ya majaribio, anzisha mtumaji anayetuma ujumbe kila nusu sekunde, kila mmoja ukiwa na kitambulisho chake, kisha ukate kwa namna zote tatu.

Kwa kukatika kwa taarifa, zima na uwashe broka kwa amri yake ya kawaida. Hii ni rahisi, na wengi huishia hapa.

Kwa kukatika kimya, kwenye mashine ya broka andika:

```
iptables -A INPUT -p tcp --dport 5672 -j DROP
```

Kanuni ya DROP hutupa pakiti bila kujibu, tofauti na REJECT ambayo hutoa taarifa na kuharibu jaribio. Ukimaliza iondoe kwa amri ileile ukibadilisha `-A` kuwa `-D`. Wakati imewekwa, tazama kwenye mashine ya mtumaji:

```
ss -tno '( dport = :5672 )'
```

Utaona safu ya Send-Q (baiti zisizokiriwa bado) ikiwa na baiti zisizopungua, na saa ya kurudia kutuma ikihesabu majaribio. Hali ya muunganisho bado itasomeka ESTAB, yaani umeunganika. Pima muda kutoka kuweka kanuni hadi programu yako kutangaza kifo; usizidi ukomo uliouweka.

Kwa broka iliyoganda, tuma `kill -STOP` kwa mchakato wa broka, na baadaye `kill -CONT`. Safari hii Send-Q itabaki tupu kwa muda, kwa kuwa kerneli ya seva inakiri kila kitu. Mtumaji anayetegemea TCP peke yake ataendelea kutuma kwa furaha. Wako anapaswa kugundua kwa uthibitisho uliochelewa au kwa mapigo yaliyokosekana.

Baada ya kila jaribio, chukua orodha ya vitambulisho ambavyo programu iliombwa kutuma na orodha ya vilivyofika kwa mpokeaji, uzipange na kuzilinganisha kwa `comm`. Nakala zikiwepo, mpokeaji awe amezitambua. Kitambulisho kikikosekana, kitafute kwenye logi za mtumaji: kama hakimo kwenye daftari na hakuna uthibitisho wake, msimbo ulikifuta mapema, na pa kutazama kwanza ni jinsi unavyosoma `multiple` na jinsi unavyohamisha daftari kutoka chaneli ya zamani kwenda mpya.